Kejeli iliyotangulia kuni: uchambuzi wa kisa cha Namugongo, 1886

Jumatano, 26 Mei 1886, baraza la Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, pale Munyonyo, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, liliangua kicheko. Aliyechekwa alikuwa Yakobo Buzabaliawo, askari wa Kabaka, ambaye siku za nyuma alithubutu kumshauri Mwanga mwenyewe aingie dini. Mwanga akamwonyesha kidole mbele ya wakuu: huyu ndiye aliyetaka hata mimi niwe Mkristo. Buzabaliawo akamuaga, akasema anakwenda mbinguni na huko atamwombea. Hapo watu wakashindwa kujizuia. Mtu amefungwa kamba, anapelekwa kuuawa, halafu anamwahidi sala yule anayemuua! Kwa waliokaa barazani ilikuwa wazimu mtupu.

Kisa cha mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa enzi za Mwanga, kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwenye kuni. Kila tarehe 3 Juni tunasikia habari za moto, mikeka ya matete na majina ya walioungua, na kicheko kinarukwa. Kukiruka ni kosa. Ukifuata ushahidi hatua kwa hatua unaona kwamba jitihada kubwa ya kuwavunja watu wale ilifanywa kwa mdomo, na moto ukaja baada ya mdomo kushindwa. Tena, walioustahimili mdomo hawakuanza kujifunza kuustahimili wiki ile. Walikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi, na mazoezi yale yanaweza kuelezwa.

Wasomaji

Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society) walifika Buganda 30 Juni 1877, enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote, alifika Novemba 1878. Februari 1879 wakaingia Wakatoliki: Padre Simeon Lourdel na Bradha Amans, wa shirika la Mapadre Weupe. Waganda walisikia Lourdel akiitwa "mon père" kwa Kifaransa, wakamwita Mapera, na jina hilo likabaki. Wote walianza kazi kwa Kiswahili. Mutesa alikuwa anakielewa kutokana na wafanyabiashara wa pwani, na sehemu za Maandiko zilizochapwa Unguja ndizo zilizokuwa vitabu vya kwanza vya kufundishia.

Waliojiunga nao waliitwa wasomaji. Katika Kiganda neno *okusoma* lina maana mbili, kusoma kitabu na kusali. Kabaka alipouliza ni nani wanaosoma, swali lilikuwa moja lakini liligusa mambo mawili: nani ana maarifa mapya, na nani ana bwana mwingine. Chuki iliyofuata inaeleweka vizuri zaidi ukilishika neno hilo.

Upande wa Wakatoliki kulikuwa na kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika: mtu asibatizwe mpaka afundishwe na kupimwa kwa miaka minne. Wakati ule ilionekana ni ukali uliopitiliza, na hata leo wako makatekista wanaoiona hivyo. Ubatizo wa kwanza wa Wakatoliki ulifanyika 27 Machi 1880, ukawahusu wachache tu. Waanglikana walibatiza watano wao wa kwanza 18 Machi 1882.

Kisha likatokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia kwa sentensi moja. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu za usalama, wakahamia Bukumbi, kusini mwa ziwa, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre, misa wala kitubio. Walichokuwa nacho ni wao kwa wao. Ndani ya kasri kulikuwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana watumishi wa Kabaka. Andrea Kaggwa aliwafundisha watu nyumbani kwake. Kule Mityana, katika jimbo la Ssingo, walikuwepo Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu. Mapadre waliporudi walikuta kundi kubwa kuliko walilolipungia mkono. Waanglikana nao, kwa kuhisi kwamba walimu wa kigeni wanaweza kufukuzwa siku yoyote, walichagua baraza la wazee wa kanisa mwaka huohuo wa 1885.

Hiki ndicho kiini cha uchambuzi huu. Dhihaka hufanya kazi kwa kumtenga mtu mmoja na kumweka peke yake mbele ya wengi. Kundi lililokwisha kuzoea kukutana bila kiongozi, watu watatu au wanne gizani baada ya kazi za kasri, lilikuwa gumu kutengwa. Hakukuwa na mchungaji wa kupigwa ili kondoo watawanyike.

Mpishi wa Mityana

Kabla ya mwaka wa damu kulikuwa na miaka ya vicheko vidogo vidogo, na mfano mzuri kuliko yote ni huyo Kalemba. Alikuwa mtu mzima wa kama miaka 50, mwenye cheo chini ya mkuu wa Ssingo. Heshima ya mwenye cheo ilipimwa kwa wake, watumwa na watu wanaompikia na kumbebea mizigo. Kalemba alipoamini alibaki na mke mmoja, akawaacha huru watumwa wake, na kazi za nyumbani akazifanya kwa mikono yake.

Alipofikishwa mbele ya Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, mwisho wa Mei 1886, swali la kwanza halikuwa la imani hata kidogo. Masimulizi yaliyokusanywa baadaye yanasema Katikkiro alimdhihaki: huyu ndiye yule mzee aliyefukuza wake zake, anayejipikia mwenyewe? Kalemba akauliza kama ameletwa pale kwa sababu ya kukonda kwake au kwa sababu ya dini yake.

Jibu hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Mwenye dhihaka huanza na jambo la pembeni linalochekesha, upishi au wembamba, ili mshtakiwa ajitetee kwenye jambo hilo na aonekane mdogo. Ukianza kueleza kwa nini unajipikia umekwisha kupoteza. Kalemba hakujitetea wala hakurudisha tusi. Alilirudisha shauri mahali pake: taja kosa. Katikkiro akaamuru akatwe viungo, akaongeza kwa kebehi kwamba Mungu wake atamwokoa. Kalemba akajibu kwamba kweli atamwokoa, ila wao hawataona jinsi atakavyofanya, kwa kuwa ataichukua roho na kuwaachia mwili.

Aliachwa Kampala ya Kale, mikono na miguu imekatwa, mishipa imefungwa ili asife upesi. Inaaminika alikufa 30 Mei, siku tatu baadaye. Waliopita karibu walisikia sauti ikiomba maji, wakakimbia.

Mwaka uliotangulia

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na Mwanga, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa bado, akakalia kiti. Si haki kumchora kama shetani asiye na sababu. Mwaka 1885 habari zilifika kwamba Wajerumani wanajitwalia ardhi ya bara nyuma ya pwani ya Sultani wa Unguja. Wakuu wa zamani waliona vijana waliokuwa watumishi wao wakigeuka kuwa watu wa neno la wageni, na wakamwambia Kabaka hivyo mchana na usiku. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kama miaka iliyofuata ilivyoonyesha.

Damu ya kwanza ilikuwa ya vijana watatu wa misheni ya Kianglikana: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliouawa 31 Januari 1885. Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa safarini kuelekea ziwani na vijana hao. Askari wa Mujasi, mkuu wa majeshi ya Kabaka, wakawazuia kwa madai kwamba wanawatorosha Waganda nje ya nchi. Maneno ya Mujasi yalihifadhiwa na wamisionari. Aliwauliza kama wanamjua Isa Masiya na kama wanaamini watafufuka. Basi, akasema, nitawachoma tuone kama ni kweli. Simulizi la Kanisa la Anglikana linasema vijana hao waliimba wimbo wa Kiswahili, *Killa siku tunsifu*. Lugalama, aliyekuwa mtoto bado, aliomba asikatwe mikono, atupwe tu motoni.

Ombi hilo wahubiri wengi hulificha, wakidhani linapunguza ushahidi wa mtoto. Halipunguzi kitu. Kuogopa kisu hakumaanishi kukana, na anayesimulia kisa hiki kwa vijana akiondoa hofu yote anawafundisha kwamba wao, wanaoogopa, hawana nafasi katika hadithi.

Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Alikuwa amekuja kwa njia ya mashariki, upande ambao Waganda walikuwa na hofu nao ya siku nyingi. Balikuddembe akamkemea Kabaka kwa kumuua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Alikuwa pia na kosa lingine machoni pa Mwanga. Kabaka alikuwa akiwataka kimwili vijana wa kasri, na Balikuddembe aliwaficha na kuwafundisha kukataa. Aliuawa 15 Novemba 1885 kwa kukatwa kichwa, kisha mwili ukachomwa. Aliacha ujumbe kwamba amehukumiwa bila haki, anasamehe, ila Kabaka atubu, la sivyo atakuwa mshtaki wake mbele ya Mungu. Inasimuliwa kwamba Mwanga alipoambiwa aliamuru mtu mwingine auawe na majivu yachanganywe, aone sasa Balikuddembe atashtaki vipi. Hata dhihaka hiyo ina hofu ndani yake, maana asiyeamini mshtaki hachanganyi majivu.

Usiku huohuo Karoli Lwanga, aliyeshika uongozi wa vijana baada ya Balikuddembe, alikwenda misheni na wenzake kubatizwa. Katika siku chache zilizofuata walibatizwa zaidi ya mia. Kanuni ya miaka minne ilifupishwa kwa wale walioonekana wamekwisha kupimwa na mambo yenyewe.

Usiku wa Munyonyo

Februari 1886 moto uliteketeza kasri la Mengo, Mwanga akahamia Munyonyo. Jioni ya 25 Mei alirudi kutoka kuwinda viboko, hakupata kitu, na kasri halikuwa na watumishi wa kumpokea. Alimuulizia Mwafu, mtoto wa Katikkiro, akaambiwa yuko na Dionisi Ssebuggwawo akifundishwa dini. Akamjeruhi Ssebuggwawo kwa mkuki, na baadaye kijana huyo akamaliziwa na wauaji. Apolo Kagwa, Mwanglikana, alipigwa vibaya usiku huo akapona. Miaka michache baadaye ndiye aliyekuwa Katikkiro. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, alihasiwa kwa kukataa kuacha dini, naye akapona. Malango yakafungwa.

Kilichofanyika ndani ya malango yale usiku huo kilikuwa cha vitendo zaidi kuliko cha maneno makubwa. Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa hawajabatizwa, akiwemo Kizito, wa miaka kama 14, na Mbaga Tuzinde. Katika mafundisho ya Kanisa mtu yeyote anaweza kubatiza palipo na hatari ya kifo: maji ya kawaida, yamiminwe kichwani, na maneno yatamkwe wakati maji yanapomiminwa, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Lwanga alilijua hili kwa sababu alikuwa amefundishwa, na alifundishwa kwa sababu kundi lilikuwa limeishi bila padre.

Jambo la pili ni kupanga mapema. Lwanga alimwambia Kizito kwamba saa ikifika atamshika mkono, na kama ni kufa watakufa wameshikana. Mtoto hakuachiwa kuamua peke yake mbele ya baraza lenye wanaume wazima wanaomcheka. Uamuzi ulifanywa usiku, kati ya marafiki. Asubuhi kilichobaki ni kutembea hatua chache.

Asubuhi hatua hizo zikatembewa. Mwanga aliamuru wasiosali wabaki kwake na wanaosali wasimame kule penye uzio. Lwanga alitoka wa kwanza, mkono wa Kizito katika wake, wengine wakafuata. Walipoulizwa kama wanakusudia kubaki hivyo, walisema ndiyo, hadi kufa.

Padre Lourdel alikuwa nje akisubiri kuonana na Kabaka, akakataliwa. Aliwaona wakitolewa: vijana wakubwa wamefungwa pamoja, watoto wamefungwa kundi lao, kamba zimebana hata hatua zao zikawa fupi. Aliandika kwamba Kizito alikuwa akiichekea hali hiyo. Buzabaliawo, alipopita mbele yake, aliinua mikono iliyofungwa akaonyesha juu. Siku hiyo, basi, Munyonyo ilisikia kicheko cha aina mbili. Cha barazani kilihitaji wengi ili kiwe na nguvu, na cha Kizito hakikumhitaji mtu.

Mlango mdogo wa kutokea

Safari ya Namugongo, kaskazini mashariki mwa Kampala ya leo, ilikuwa na vifo njiani. Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki Ttakajjunge, Gonzaga Gonza naye akauawa, Atanasi Bazzekuketta akakatwakatwa Nakivubo. Waliofika waliwekwa mahabusu kwa wiki nzima wakati kuni zinakusanywa, wengine wakiwa na kongwa shingoni na miguu kwenye mkatale. Walisali asubuhi, jioni na wakati wa chakula.

Wiki hiyo ndiyo hatari kuliko moto, na wanaojua mateso ya aina hii watakubali. Hasira ya kwanza imepoa, ndugu wanakuja na machozi, walinzi wamechoka na wanakuwa na huruma. Sasa dhihaka inabadilika sura, inakuwa ombi. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa na mtoto wa nyumbani kwake kati ya wafungwa, yule Mbaga Tuzinde. Alimsihi aseme tu kwamba hatasali tena, au akubali kufichwa. Neno moja. Hakuna aliyemtaka Mbaga atukane jina la Yesu au avunje msalaba.

Udogo huo ni mbinu. Kila hatua ya kisa hiki mlango wa kutokea ulikuwepo, na kila mara ulifanywa mdogo zaidi, ili anayekataa aonekane mkaidi na mjinga badala ya shujaa: unakufa kwa neno moja? Hata namna ya kuchoma ilifuata hesabu hiyo. Moto uliwashwa upande wa miguu, mtu aone unavyopanda na apate muda wa kusema neno. Mbaga alikataa. Mukajanga akaamuru apigwe rungu la shingo kwanza ili asiusikie moto, huruma pekee aliyobaki nayo.

Alhamisi, 3 Juni 1886, ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Wauaji walikuja wamejipaka udongo mwekundu na masizi, wamevaa ngozi, wakiimba kwamba waliozaa leo watalia. Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa kando kwa moto wa polepole na Ssenkoole, mlinzi wa moto mtakatifu. Ssenkoole alimdhihaki kwamba Mungu wake aje amtoe motoni. Lwanga akamwambia kwamba anamchoma lakini ni kama anammwagia maji, naye ajihadhari na moto usiozimika. Kisha alinyamaza akisali, na neno lake la mwisho likawa *Katonda*, Mungu.

Wengine waliviringishwa katika mikeka ya matete, wakapangwa juu ya kuni kama mizigo. Wauaji waliwaambia kwamba si wao wanaowaua, bali miungu waliyoidharau, Mukasa na Kibuuka na wengineo. Vijana watatu, Dionisi Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe, walitolewa dakika za mwisho. Ushahidi wao, pamoja na maelezo ya wauaji wenyewe, ndio uliotufikishia maneno yote haya. Wauaji walieleza kwamba walizoea vilio na laana, na siku ile walisikia mnong'ono wa sala ukipungua mpaka ukakatika.

Karatasi ya Mackay

Waliobaki hai walijificha mashambani, na wengi wao walikuwa peke yao. Mackay alikuwa na mashine ya kupigia chapa. Alichapa barua fupi kwa "watu wa Yesu walioko Buganda", akawaambia kwamba hapo kale pia Wakristo walichukiwa, wakawindwa, wakafukuzwa, na kwamba wasimkane Bwana. Pamoja nayo akachapa maneno ya Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4, kuanzia aya ya 12. Karatasi hizo zilipitishwa mkono kwa mkono kwa siri.

Uchaguzi wa sura hiyo haukuwa wa kubahatisha. Petro anawaandikia watu waliokuwa wakisutwa na kushangaliwa na majirani kwa kuacha ulevi na karamu za zamani, kama inavyosema aya ya 4. Anawaambia wasione ajabu msiba unaowapata kama moto. Anasema kulaumiwa kwa jina la Kristo ni heri. Halafu, katika aya ya 15, anaweka mpaka ambao mara nyingi tunauruka: mtu asiteswe kama mwuaji, mwizi, mtenda mabaya, wala kama mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine.

Mpaka huo ni kipimo kizuri cha kuitumia Namugongo katika jumuiya leo. Mwanafunzi wa bweni anayechekwa kwa kupiga magoti kabla ya kulala yuko ndani ya kisa. Mfanyakazi anayesemwa kwa sababu anahubiri saa za kazi na kuacha wateja wakisubiri hayumo, hata akijiita shahidi. Kalemba aliuliza kosa lake ni lipi. Swali hilo yafaa mtu ajiulize mwenyewe kwanza, kwa sauti, mbele ya mwenzake asiyemwonea haya, kabla hajaamua kwamba anateswa kwa ajili ya imani.

Yako pia makosa ya kawaida katika kusimulia. Si wote waliokufa siku moja. Orodha ya mashahidi 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, inaanzia Januari 1885 mpaka Januari 1887, alipouawa Yohana Maria Muzeyi. Wakatoliki waliochomwa Namugongo 3 Juni ni 13, pamoja na Waanglikana wa idadi isiyopishana sana na hiyo. Wanaosema habari za Wakatoliki peke yao, au Waanglikana peke yao, wanakata mkeka uliowaviringisha pamoja. Vijana wa Kiislamu nao walikuwa wameuawa Namugongo enzi za Mutesa, karibu miaka kumi kabla, kwa kuiweka dini yao juu ya amri ya Kabaka. Na kubwa zaidi, mashahidi hawa hawakutafuta kifo. Lwanga alitumia miezi kuwaepusha watoto na macho ya Mwanga, akiwatuma mbali kila alipoweza. Wengi walikimbia, wakajificha, na hawakuhesabiwa kuwa wamekana. Nyonyintono na Kagwa waliendelea kuishi, na kanisa lilihitaji walioishi.

Suala la tamaa ya Mwanga lisimuliwe kwa lugha ya wazi inayolingana na umri wa wasikilizaji. Vijana wale walikuwa chini ya mtu mwenye mamlaka ya kuua, nao wakasema hapana. Kulificha jambo hilo kunamnyima mtoto wa leo mfano anaouhitaji, na kuligeuza kuwa fimbo ya kuwapigia watu wengine ni kulitoa mahali pake.

Wakatoliki 22 walitangazwa wenyeheri na Papa Benedikto wa Kumi na Tano mwaka 1920 na watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Mahujaji hufika Namugongo kila Juni, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania.

Mwanga mwenyewe aliangushwa mwaka 1888. Alikimbilia kusini mwa ziwa, akakaa Magu, kisha akaomba hifadhi misheni ya Bukumbi, palepale Mapadre Weupe walipokuwa wamekwenda mwaka 1882 walipoikimbia nchi yake. Walimpokea. Jeshi la kumrudishia kiti lilikuwa la Wakristo, na aliyeliongoza ni Honorat Nyonyintono, aliyekuwa amehasiwa kwa amri yake. Nyonyintono alikufa vitani mwaka 1889 akimpigania. Mwanga alirudi, akaangushwa tena, Waingereza wakampeleka Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.